Bi Nusu na Benchi la Dirishani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza, asanteni sana. Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, dada wa mume wake, na ndiye anayeusoma mbele yenu. Alifanya kazi na marehemu karakana moja tangu wakiwa wasichana, na ndiye aliyemleta katika ukoo huu, kwa hiyo mwenye lalamiko amwone yeye baada ya mazishi. Kikao cha familia kilimwomba aziguse habari za karata kwa mbali tu, kwa kuwa hapa kuna wakubwa na watoto. Wifi alisikiliza kwa heshima, akaitikia, kisha akarudi kwake akaandika alivyoona mwenyewe. Mwanamke huyu bila karata haelezeki, na hakuna mtu aliyewahi kupoteza hata senti moja kwenye meza ile. Walicheza kwa vifungo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na mama yake alifua nguo za watu. Nyumba ya watoto tisa ina sheria zake. Anayedai cha wakubwa anapata konzi, na anayenyamaza anapata kilichobaki. Mtoto wa sita alilijua hilo mapema: watu wakiwa wengi, tulia, chako kitakufikia. Dada yake mkubwa, aliyepo hapa, anakumbuka jinsi alivyolala miaka mingi nusu ya mwili ikiwa nje ya blanketi, na hakuwahi kulivuta hata usiku wa baridi. Asubuhi aliamka anapiga chafya, na akiulizwa anasema amelala vizuri.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1972. Mwalimu wake wa darasa la nne alishindwa kumwelewa. Watoto wenzake wakishatoka, yeye akibaki kufuta ubao, alijibu kila swali aliloulizwa, la hesabu na la historia, bila kugeuka. Darasa likijaa, hakunyoosha kidole. Mwalimu alimwambia, "Wewe mtoto, wenzako wamekukosea nini hata unawaficha akili zako?" Alicheka tu. Baada ya hapo alikwenda kujifunza ushonaji kwa miaka miwili, akafaulu vizuri, na siku ya kutunukiwa vyeti alikaa mstari wa mwisho.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza nguo zilizotoboka, kuungua au kuliwa na nondo. Wengi hamuijui kazi hii, kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Fundi anachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo yenyewe, halafu anazifuma moja moja juu ya tundu, juu chini, juu chini, akifuata kitambaa kilivyosukwa, mpaka tundu linakuwa kama halijawahi kuwepo. Kiraka kila mtu anakiweza. Hii ni kazi nyingine kabisa. Wifi yake alikuwa mkata vitambaa humo humo, mikono ina nguvu na mkasi unamtii, lakini sindano ile hakuigusa.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu cha chini katika jengo la ghorofa tatu. Jirani alijenga ukuta ukaziba madirisha yote ya ubavuni, likabaki moja tu la mbele, linalotazama mtaa. Chini ya dirisha hilo kuna benchi. Kwingine kote ni taa za tyubu, zinazovuma mchana kutwa na kufanya nyeusi na buluu iliyokolea zifanane. Kugombea benchi lile kuliwahi kuvunja vikombe viwili na urafiki mmoja. Msimamizi wa wakati ule, mama wa maneno machache ambaye leo amekaa pale mstari wa pili, akapiga marufuku ugomvi. Akaamuru kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi ikiisha, wanaolitaka benchi wakae kwenye meza ya kukatia wacheze karata. Dau ni vifungo vilivyokosa nguo. Wote wanaanza sawa, na atakayemaliza na vingi kuliko wenzake anakaa dirishani mwezi mzima unaofuata. Benchi haliombwi, haliazimwi, wala haliachiwi mtu kwa hisani. Linashindaniwa, na wa pili hapati kitu.

Mchezo waliuita Juu na Chini. Wageni wauelewe, haichukui muda. Kila mchezaji hupewa karata saba kidogo kidogo: mbili za kwanza amezificha, nne zinalazwa wazi mezani kila mtu azione, na ya mwisho anaificha tena. Kila karata mpya ikishagawiwa wazi, unaweka vifungo katikati. Unafuata alichoweka mwenzako, au unapandisha, au unaangusha karata zako na kunywa chai. Mwishoni lile fungu la katikati linakatwa mara mbili. Nusu ni ya mwenye karata tano kali kuliko wote. Nusu nyingine ni ya mwenye karata tano ndogo kuliko wote, zisizojirudia na zisizozidi nane, na ree inahesabiwa moja. Ukiwa navyo vyote viwili, cha juu na cha chini, unakomba fungu zima.

Marehemu alicheza kama alivyolelewa. Akibaki na mtu mmoja alikuwa mkali, anapandisha mpaka mwenzake anajuta. Wakiwa wanne au watano, alinywea. Alifuata tu, hata akiwa ameshika karata za kumtoa mtu jasho. Alipata nusu yake ya fungu dogo, akaikusanya kwa adabu, akamaliza wa pili au wa tatu, na Jumatatu akarudi benchi la nyuma chini ya tyubu. Mpiga pasi, mwanamume mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, akamwita Bi Nusu, na jina likaganda. Kwa miaka zaidi ya thelathini halikumsumbua. Benchi la dirishani lilikuwa la wifi yake miezi mingi, na wifi hakulihitaji kwa kazi. Alipenda kuona nani anapita na nani.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi saa, kaka yake wifi. Ilikuwa hivi: saa ya ukutani ya karakana ilisimama, wifi akamwita kaka yake aje aitengeneze. Akaitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuikagua, na wiki iliyofuata tena, na kila mara ngazi yake aliisimika karibu na benchi la nyuma. Wifi akamwambia mbele ya watu, "Kaka, saa inakwenda. Wewe ndiye umesimama." Bi Nusu aliinamisha kichwa juu ya suruali ya mteja, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka. Ndoa yao ilijaliwa binti na mwana, na nyumba yao ya juu ya kibanda cha saa haikuwahi kukosa kelele za saa wala za watoto.

Mwezi wa Aprili 2009 alianza kujikwaa kwenye vitu vilivyokuwa pembeni yake. Daktari alimwambia wazi kuwa ana presha ya macho. Dawa ya matone ingepunguza mwendo wa ugonjwa, isingerudisha kilichokwisha kwenda. Kuona kwake kungefinywa kutoka pembeni, taratibu, mwaka hata mwaka. Walioambiwa walikuwa wawili tu, mume wake na wifi yake.

Baada ya miezi miwili, suruali nyeusi ilirudishwa na mteja. Palipofumwa palionekana. Ilikuwa haijawahi kutokea, na karakana nzima ilijifanya haijaona.

"Dada, hii si kazi yako," msimamizi alimwambia.

"Ni yangu."

"Zikirudi nyingine kama hii, nitakuhamishia kukunja na kufunga. Sina namna. Wateja wananitazama mimi."

Akasema, "Nimekuelewa." Jioni alimwambia mume wake, "Nikienda kukunja nguo nimekwisha." Hakulia. Alikuwa na hasira. Chini ya tyubu, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi alikuwa haupati tena. Kwenye mwanga wa mchana aliupata vizuri kabisa, kama zamani. Tangu siku hiyo alikuwa na shida moja tu duniani, na shida hiyo ilikuwa benchi.

Angeweza kumwambia msimamizi habari za macho yake. Mume wake alimsihi afanye hivyo. Alikataa, kwa sababu sheria ilikuwa sheria, na pia kwa sababu fundi anayeonewa huruma leo, kesho anapewa kazi nyepesi, na keshokutwa anapewa zawadi ya kustaafu. Wifi naye aliona njia ya mkato. Alimnong'oneza mpiga pasi jambo lenyewe, naye akawapa wenzake, na Jumamosi ilipofika, watu wakaanza kuangusha karata kila Bi Nusu alipoonyesha nia. Akakusanya fungu moja dogo, la pili, la tatu. Halafu akaweka chini kikombe chake.

"Mbona leo mnaangusha?"

"Karata mbaya," alisema mpiga pasi, macho kwenye dari.

Bi Nusu akanyoosha mkono akazifunua karata za mpiga pasi zilizolala kifudifudi. Wafalme wawili.

"Hizi ndizo mbaya? Wewe ambaye ukiona mfalme mmoja unaanza kuimba?" Akamgeukia wifi. "Na wewe wifi, siri yangu umeitandaza kama shuka?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Unanisaidia kwa kunizika? Chezeni kama mnavyocheza. Mkinionea huruma tena, naondoka hapa, na benchi lenu mkalikalie wote wanne. Nitoeni jasho!"

Wakamtoa jasho. Alimaliza wa tatu, na alirudi nyumbani ameridhika zaidi kuliko kama angeshinda.

Mume wake alifuta meza ya jikoni, akagawa karata mikono mitano. Yeye alicheza minne, mkewe mmoja. Alimtazama anavyofuata, anavyofuata, anavyofuata.

"Unaogopa nini, mama?" alimwuliza. Alimwita hivyo tangu binti yao azaliwe.

"Watu ni wengi. Mmoja wao lazima ana kitu."

"Ana cha juu. Wewe una cha chini. Anakudhuru nini?"

Fundi saa akasogeza kifungo kimoja katikati, na cha pili.

"Mkiwa wawili, nusu yako hapa ni kiasi gani?"

"Kimoja."

"Cha nani?"

"Changu mwenyewe."

"Na hapo ndipo unapopandisha kama umewashwa na upupu. Haya." Akaongeza vitatu. "Sasa mko watano. Wanne wanagombea juu, chini uko peke yako. Umeweka kimoja. Nusu yako?"

Alivigawa vile vifungo vitano mafungu mawili, kimoja kikabaki mkononi. Maji ya chai yalichemka yakamwagika juu ya jiko na hakuna aliyenyanyuka.

"Viwili na kipande," alisema. Halafu, polepole: "Kwa hiyo miaka yote hii nimepigana pasipo na kitu, na penye kitu nimenyamaza."

"Mimi sikusema hivyo," alijibu mume wake, ambaye alitaka ndoa yake idumu.

Kuanzia jioni ile walicheza kila siku baada ya kula. Marehemu alijifunza kwa ukaidi uleule aliofumia, akifumua na kurudia. Alijifunza kwamba karata tatu ndogo za kuanzia, zikiwa na ree ndani na za aina moja, kama kopa tupu, ni za kuzipandishia mapema, watu wakiwa bado wengi na bado wana moyo wa kufuata. Alijifunza kwamba anayekwenda chini akiwa na mlango wa kwenda juu pia ndiye anayekomba. Kupandisha mbele ya watu wanne kulimtia kijasho cha mikono, hata wakiwa wote wanne ni mume wake. Wa tano alikuwa yeye, akijilazimisha.

Alipojaribu karakanani, mwezi wa kwanza ulikuwa msiba. Alipandisha kila kitu. Mtia rangi, dada mpole asiyeongea, naye alikuwa anakwenda chini vilevile, na walipofunua karata wakakuta zao ndogo zinalingana, tano kwa tano. Nusu ya chini ikakatwa tena vipande viwili. Mpiga pasi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Jamani! Bi Nusu amekuwa Bi Robo!"

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Bi Nusu mwenyewe. Lakini mwezi uleule suruali ya pili ilirudi, ya buluu iliyokolea. Msimamizi aliiweka tu juu ya meza ya marehemu na kwenda zake. Marehemu aliifumua, akabeba kiti chake mpaka mlangoni kwenye upepo na vumbi, akaifuma upya hapo akiwa amejifunga kanga mabegani. Watu waliopita waliikanyaga mikebe yake ya nyuzi. Hakuinua kichwa.

Tangu hapo alianza kuzisoma karata za wenzake zilizo wazi kabla ya kutazama zake. Nani mwingine anakwenda chini? Akiona mwenzake ana ndogo kuliko zake, aliangusha bila kinyongo, hata kama mkono wake ulimpendeza. Akijiona yuko peke yake huko chini na wengine wanagombea juu, alipandisha, na wakipandisha akapandisha tena. Wakiwa wote mezani ndipo alipopandisha zaidi.

Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 2009 walikaa watano: msimamizi, mpiga pasi, mtia rangi, wifi na yeye. Wifi alikuwa anaongoza kwa vifungo, Bi Nusu akimfuata nyuma, na walikubaliana kuwa huo ni mgao wa mwisho. Bi Nusu alificha ree na nne, na tatu ikalala wazi. Wote wakaingia. Akapandisha. Ikaja tano wazi, akapandisha. Ikaja saba. Sasa chini yake ilikuwa imekamilika, na mezani hakuna mwingine aliyekuwa na karata ndogo za maana. Mpiga pasi alikuwa na wafalme wawili wazi, anang'aa uso. Mtia rangi alikuwa na kopa tupu, kubwa kubwa. Wifi alikuwa na kumi mbili wazi na ya tatu ameificha, na alikuwa na hakika benchi la Desemba ni lake.

"Napandisha," alisema Bi Nusu.

"Na mimi juu yako," mpiga pasi akasema.

"Na mimi tena," Bi Nusu akamjibu.

Msimamizi akaangusha zake na kusogeza kiti nyuma, apate kuona vizuri.

"Wifi, una nini wewe?" wifi akauliza. "Tatu, tano, saba! Hizo karata au ngazi za kupandia dari? Sisi huku tuna wafalme."

"Weka vifungo, wifi. Maneno tutasema tukinywa chai."

Karata ya sita ilikuwa malkia, haikumsaidia kitu. Akapandisha vilevile. Vifungo aliviweka katikati kimoja kimoja, kila mtu akivihesabu. Fungu lilikuwa limejaa mpaka vingine vinadondoka sakafuni. Karata ya mwisho ikagawiwa, kila mtu akachungulia yake. Wakafuata mpaka mwisho. Kopa ya tano ya mtia rangi haikuja. Mpiga pasi akafunua wafalme wake na jozi nyingine. Wifi akafunua kumi tatu, akaanza kunyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye fungu.

"Subiri," alisema Bi Nusu. Akalaza ree, akalaza mbili iliyokuja mwisho, tatu, nne, tano. Ndogo kuliko zote, na tena zimefuatana, kwa hiyo kali kuliko zote, zinashinda hata kumi tatu. Juu yake, chini yake.

Wifi akairudisha mikono yake. Halafu mpiga pasi akasema, "Bahati hiyo. Hiyo mbili ni bahati tupu."

"Ndiyo," alijibu Bi Nusu, akikomba vifungo kwa viganja viwili. "Lakini imekuta fungu limeshajaa. Nani amelijaza?"

Wifi hakulala vizuri siku hiyo, na anasema hivyo bila haya. Jumatatu Bi Nusu alikaa dirishani, akatoa suruali nyeusi kwenye mfuko, akainua sindano kwenye mwanga na kuitia uzi mara moja. Alikaa hapo akitazama uzi ule muda mfupi, kisha akaanza kazi.

Hakushinda kila mwezi. Alipokosa, alichukua nguo za rangi nyepesi na kusubiri mwezi uishe, na wenzake walijua wasimsemeshe sana. Lakini alishinda miezi mingi, mwaka hata mwaka, kwa watu waliokuwa wanamtoa jasho kama alivyodai, na nguo hazikurudi tena. Wala hakuishia mezani. Mwenye jengo alipotaka kuziba dirisha la mbele aweke bango, aliitisha mkutano wa wapangaji wote. Bi Nusu ndiye aliyesimama wa kwanza, sauti inakwaruza, akasema mpaka mwisho. Dirisha halikuzibwa.

Kufikia mwaka 2022 alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wifi alimsomea karata zilizo wazi mezani, kwa sauti na bila udanganyifu, kisha akacheza zake dhidi yake. Mara nyingi marehemu alimwambia, "Soma tena, wifi, polepole," na wifi alijua kwamba mchezo huo yeye ameshashindwa.

Mwezi wa Januari 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, na pumzi ikawa fupi hata kwa kupanda ngazi za nyumbani. Alilazwa mara kadhaa, na kila alipotoka alikwenda kazini, mtoto wake wa kiume akimfuata nyuma kumsihi. Jumamosi ya tarehe 25 Machi alicheza kwa mara ya mwisho. Walikuwa watano, wote waliingia, na alipandisha tangu karata ya tatu. Alishinda benchi la mwezi wa Aprili, na alilitumia lote. Aliaga dunia Ijumaa ya tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mikononi mwa mume wake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha dada na kaka wanne. Ameacha binti, dereva wa lori, aliyerithi kutosikia anapoambiwa haiwezekani, na mwana, muuguzi, aliyemhudumia usiku na mchana bila kulalamika. Ameacha wajukuu watatu, mkwe mmoja, wenzake wa karakana, na wifi ambaye hajui Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ataipeleka wapi.

Na amemwacha mume wake, fundi saa, aliyekaa hapa mbele. Mwezi wa Aprili fundi saa alipiga pasi koti lake jeusi mwenyewe ili asimsumbue mkewe, akaliunguza mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alitaka kulitupa. Marehemu alilichukua, akalifuma dirishani kwa mchana wa siku tatu, kwa macho yale. Mume wake alimwambia, "Acha, mama, utajichosha. Sina pa kulivaa." Alimjibu, "Utalivaa." Amelivaa leo. Tangu asubuhi mmekuwa mkimshika mkono ule ule kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona kitu.

Mungu amlaze pema, na ampe mwanga wa kutosha.